Nani anamhudumia mama, na nani anamlipa anayehudumu?

Siku mbili kabla ya Idd el-Fitr, katika nyumba moja ya Temeke tunayoifahamu kwa karibu, binti wa kazi aliondoka alfajiri bila kuaga. Alikuwa akimhudumia bibi wa miaka 78 aliyepooza upande wa kulia baada ya kupatwa na kiharusi. Kwa miezi saba alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, na kila ilipoingia sala alimshika mkono akamketisha. Walikuwa wamekubaliana mshahara wa shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi mitatu ya mwisho hakupewa hata senti. Kila alipouliza, aliambiwa kuwa kaka wa Muscat hajatuma.

Watoto wa bibi huyo ni wanne, na wote ni watu wa kusali. Mkubwa ana duka la vipuri Kariakoo, wa pili anafanya kazi Muscat, wa tatu ni mwalimu Morogoro, na wa mwisho ni binti aliyeacha biashara yake ya vitumbua na chapati ili akae na mama yao. Walipokutana jioni ile, kila mmoja alikuwa na hoja yake. Wa Kariakoo alisema yeye ndiye anayenunua dawa na umeme. Wa Muscat, kwa simu, alikumbusha fedha alizotuma mwaka uliopita. Mwalimu alisema mshahara wake unajulikana na kila mtu. Binti wa mwisho alinyamaza, kwa kuwa tangu mama augue hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anaishije.

Maneno yalipoanza kuwa makali, mama yao, ambaye tangu kiharusi huongea kwa shida, aliuliza jambo moja tu: "Yule binti mmemlipa?"

Hakuna aliyejibu.

Ndugu msomaji, tumeanza na kisa hiki kwa sababu hakikutokea katika nyumba ya watu waovu. Kimetokea kwa watu wanaompenda mama yao na wanaojua aya na hadithi zinazoamrisha wema kwa wazazi. Katika miji yetu watoto wametawanyika, wake na waume wanafanya kazi, na mzazi anayehitaji kushikwa mkono usiku na mchana hawezi tena kuachiwa jirani. Familia nyingi sasa zinamtafuta mtu wa kuwasaidia, na wengi wetu hatukufundishwa namna ya kumpata mtu huyo, kumlipa, wala kugawana gharama zake. Makala hii inahusu mambo hayo matatu.

WAJIBU HAUHAMI

Katika Suratul Israa, aya ya 23 na ya 24, Allah Subhaanahu Wata'ala ameunganisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwafanyia wema wazazi, na akautaja uzee wao waziwazi: mmoja wao au wote wawili wakifikia umri huo wakiwa kwetu, tusiwaambie hata "ah!", wala tusiwakemee. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa mzazi asiye na mali ana haki ya nafaka juu ya mtoto mwenye uwezo. Nafaka hiyo ni chakula, mavazi na makazi. Na wanavyuoni wamesema pia kuwa mzazi asiyejiweza apatiwe mtu wa kumhudumia.

Mzazi akiwa na mali yake mwenyewe, kama pensheni, kodi ya nyumba au shamba, matunzo yake huanzia kwenye mali hiyo. Mtoto anayeishika huishika kwa amana na kuiandikia hesabu. Tumeona nyumba ambazo kodi ya vyumba vya baba inaliwa na kijana mmoja, huku mabinti wakichangishana kumnunulia baba dawa. Huo haustahili kuitwa usimamizi.

Mtoto akimwajiri mtu wa kumhudumia mzazi wake hajavunja wajibu wake. Mikono inaweza kukodiwa, lakini jukumu hubaki kwake. Atakayeulizwa kesho mbele ya Allah kama mzazi alilala mkavu, alikula kwa wakati na alizungumzishwa kwa upole ni yeye, hata kama kazi ilifanywa na mwingine.

HADITHI YA PANGONI

Wengi wetu tumeisikia darsani hadithi ya watu watatu walioingia pangoni, jiwe likaporomoka na kuziba mlango. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (Allah awaridhie yeye na baba yake). Kila mmoja alimuomba Allah kwa amali yake iliyo safi. Mmoja alieleza kuwa hakuwa akiwanywesha watoto wake maziwa kabla ya wazazi wake wawili wazee. Usiku mmoja alichelewa, akawakuta wamelala, akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, watoto wakilia miguuni pake. Jiwe likasogea kidogo.

Kisa hicho ndicho tunachokitaja zaidi tunapohimizana wema kwa wazazi. Tunachokisahau ni kile cha mwenzake. Huyo alikuwa amemwajiri mtu, naye akaondoka bila kuchukua ujira wake. Mwajiri hakuula. Aliuzalisha mpaka ukawa mifugo mingi, na mwenyewe aliporejea baada ya muda mrefu kudai haki yake, alikabidhiwa yote. Jiwe lilisogea kwa amali hiyo pia.

Tazama basi: aliyewahudumia wazazi na aliyemlipa mfanyakazi wamo katika pango moja, na dua zao zimepokelewa pamoja. Katika nyumba ya Temeke amali hizo mbili zilitenganishwa. Watoto walitaka radhi za mama kwa jasho la binti wa watu ambalo hawakulilipia. Na Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) ameeleza kuwa Allah atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, mmoja wao akiwa ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha asimpe ujira wake. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari.

Kuna jambo jingine linalostahili kuzingatiwa. Lile neno "ah!" tulilokatazwa kuwaambia wazazi wetu ndilo Anas bin Malik (Allah amridhie) alilolitaja aliposimulia kuwa alimtumikia Mtume miaka kumi na hakuwahi kuambiwa neno hilo hata mara moja. Adabu anayostahiki mzazi kitandani, anaistahiki pia anayesimama kando ya kitanda chake.

JUENI KWANZA MZAZI ANAHITAJI NINI

Familia nyingi hukosea mwanzoni kabisa. Husema "tutafute msichana", kabla ya kujua huyo msichana atafanya nini. Kaeni na mzazi mwenyewe, ikiwa anaweza kusema, na mumuulize anataka kusaidiwa wapi na anaona haya wapi. Kisha andikeni kazi za siku nzima, kuanzia Alfajiri hadi usiku wa manane: kwenda chooni, kuoga, kutawadha au kutayamamu, kula, dawa, kugeuzwa, mazoezi ya viungo, kufua na kukesha.

Orodha hiyo itaonyesha ni mtu gani anayehitajika. Mzazi anayetembea na kujisafisha mwenyewe anahitaji mtu wa kupika, kufua na kumtazama asianguke. Mzazi aliyepooza au aliyepoteza kumbukumbu anahitaji mhudumu aliyefundishwa, mwenye nguvu na subira. Mwenye kidonda cha kusafishwa, mpira wa mkojo au sindano anahitaji muuguzi, walau kwa saa chache kwa wiki. Muuguzi wa kweli amesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na ana leseni, mwombeni awaonyeshe. Si haki kumtwisha binti wa miaka 19 kazi ya muuguzi, kisha kumlaumu kidonda kikioza.

Jambo la sitara nalo liangaliwe mapema. Mama ahudumiwe na mwanamke. Baba, ikiwa mkewe hawezi, aogeshwe na wanawe wa kiume au mhudumu wa kiume, na vijana wetu wasilione hilo kuwa ni kazi ya wanawake. Kumfungia binti mgeni na mzee wa kiume ndani ya nyumba kutwa nzima ni kuwadhulumu wote wawili, kwani uzee wa baba hauondoi hukumu za faragha.

NAMNA YA KUMPATA MHUDUMU

Njia iliyo salama zaidi bado ni ya watu wanaojuana. Ulizeni msikitini, kwenye madrasa ya akina mama, kwa wauguzi wastaafu wa mtaani, na kwa familia ambazo mzazi wao alihudumiwa nyumbani mpaka akafariki. Familia ya namna hiyo inamjua mhudumu wake kuliko wakala yeyote. Mkipitia kwa wakala, ulizeni ni nani anayebeba dhamana mtu akiondoka, na ni kiasi gani kinakatwa kwenye mshahara wa mhudumu. Wakala anayechukua mshahara wa miezi ya mwanzo wote anawaletea mtu mwenye njaa na kinyongo.

Mtakayemwajiri awe mtu mzima, mwenye kitambulisho, na mwenye ndugu mnayeweza kumpigia simu. Mpigieni kabla hajaanza kazi, ili naye ajue ndugu yake yuko wapi na kwa nani. Mhudumu si lazima awe Muislamu. Wapo wasio Waislamu waliowatunza wazazi wetu kwa heshima kubwa. Ila afundishwe mapema nyakati za sala, maji ya udhu, upande wa kibla, chakula cha halali na namna ya kumsitiri mzazi anapobadilishwa nguo. Na dini yake yeye isidharauliwe.

Wekeni wiki mbili za majaribio zinazolipwa. Katika siku hizo mmoja wenu awepo nyumbani. Mleteni muuguzi kwa siku moja au mbili awafundishe wote, mhudumu na wanafamilia: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, kumketisha wima anapokula na kumwacha ameketi muda baada ya chakula ili asipaliwe, kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti bila kuumiza mgongo wa yeyote. Malipo ya siku hizo ni madogo kuliko gharama ya kutibu kidonda kimoja cha mgongoni.

Kisha fikeni bila taarifa, saa tofauti, na mtazame bila ukali. Mzazi ananusa vipi? Midomo yake imekauka? Ana michubuko asiyoweza kuielezea? Anashtuka mhudumu akiingia? Muulizeni mzazi mkiwa naye peke yenu. Na muulizeni mhudumu pia: amelala saa ngapi? Amekula nini? Mtu aliyekesha usiku mitatu mfululizo huchoka hata akiwa mcha Mungu, na uchovu ndio mlango wa ukali.

MKATABA NA HAKI ZAKE

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Allah ametuamrisha kuandikiana madeni ya muda, na ujira wa mwezi huwa deni kila mwezi unapokwisha. Andikeni makubaliano, hata kwenye karatasi mbili za daftari: kazi zenyewe, saa, mshahara, tarehe ya kulipwa, siku ya mapumziko, na taarifa ya kuacha kazi. Kila upande ubaki na nakala, na mashahidi wawili watie saini.

Sheria ya nchi nayo inamtambua mfanyakazi wa nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na 120,000 kwa asiyeishi hapo. Viwango hivi hupitiwa upya kila baada ya muda, kwa hiyo ulizieni ofisi ya kazi kiwango cha sasa. Na kumbukeni kuwa hicho ni kiwango cha chini kwa kazi za nyumbani. Anayemgeuza mgonjwa usiku na kubadilisha pampasi za mtu mzima anafanya kazi nzito kuliko kufagia, na anastahiki zaidi.

Mwandikisheni pia NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri analipa nusu yake au zaidi. Huyu naye atazeeka. Itakuwa ajabu tumtumie katika uzee wa mama zetu, kisha uzee wake yeye tuuachie barabara.

Na kila mnayemwajiri muulizeni kama anajua kuwa ana haki ya kulala. Mgonjwa anayehitaji mtu usiku na mchana anahitaji watu wawili wenye zamu. Familia isiyoweza kulipa wawili, basi zamu ya pili ni ya watoto.

HESABU YA NYUMBA

Tuchukue mfano wa hesabu, ili wenye kupanga wapate pa kuanzia. Mshahara wa mhudumu, shilingi 200,000. Mchango wa mwajiri NSSF, 20,000. Mtu wa kushika nafasi siku nne za mapumziko kwa mwezi, kwa 10,000 kila siku, 40,000. Pampasi, glavu na sabuni, 100,000. Dawa, 60,000. Akiba ya dharura, 30,000. Jumla ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Bei za kwenu zinaweza kuwa juu au chini ya hizi. Lililo muhimu ni kuwa kila kitu kimeandikwa, na mshahara umewekwa juu ya orodha.

Fedha hizo zigawanywe kwa uwezo wa kila mmoja. Allah hakalifishi nafsi ila kwa kadiri ya wasaa wake. Wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu mafungu ya watoto wa kiume na wa kike katika nafaka ya mzazi, kwa hiyo mkishindwa kuafikiana mwendeeni sheikh wenu kabla ya kugombana. Fungueni akaunti au namba moja ya simu ya kupokelea fedha, mteueni mshika hazina, na kila mwezi daftari lisomwe kwa ndugu wote. Walio mbali watume kabla ya tarehe ya mshahara. Mhudumu asiambiwe kamwe kuwa fulani hajatuma: yeye hakuajiriwa na fulani, ameajiriwa na nyumba. Wekeni mshahara wa miezi miwili wa akiba, mwezi wa ukame usiangukie mgongo wake.

Hapa yapo maswali mawili ya fiqhi ambayo huulizwa mara kwa mara. La kwanza: je, nimpe mama yangu zaka? Hapana, mzazi ambaye nafaka yake ni wajibu wako hapewi zaka yako, kwani utakuwa umejiondolea deni lako mwenyewe. La pili: je, nimlipe mhudumu kwa zaka? Hapana tena, ujira ni haki ya kazi yake, nao haufidiwi kwa sadaka. Mhudumu akiwa fakiri, mlipe ujira wake kamili, kisha ukitaka mpe zaka juu yake.

Zipo pia njia za kupunguza mzigo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana haki ya matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Fuatilieni utambulisho wao kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha ulizieni dirisha la wazee hospitalini. Aliye katika ajira ya umma na mwanachama wa NHIF anaweza kuwaandikisha wazazi miongoni mwa wategemezi wake wanne. Wengi wana nafasi hizo na hawajazitumia. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni jamii wazee wote wenye miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Misaada hii hununua dawa na unga. Mtu wa kukaa na mzazi kutwa bado hulipwa na familia, na sera yenyewe ya 2003 imeiacha familia kuwa mtunzaji wa kwanza wa mzee. Makazi ya serikali kama Nunge, Kigamboni, au Sebleni na Welezo kule Unguja, yamewekwa kwa ajili ya wasio na wa kuwatazama.

DADA ANAYEBAKI NYUMBANI

Tumemwacha kwa makusudi mpaka hapa, kwa kuwa ndivyo familia zinavyomwacha. Karibu kila nyumba yenye mzazi mgonjwa ina binti mmoja, mara nyingi asiyeolewa, aliyeachika au mjane, ambaye inasemwa kuwa "yeye yupo tu". Hayupo tu. Ameacha biashara, masomo au posa. Ndugu zake wanatuma fedha na kuombewa dua. Yeye anatoa maisha yake na kuulizwa chumvi imekwisha vipi.

Huduma yake kwa mama ni ibada, na thawabu zake ziko kwa Mola wake. Lakini thawabu zake hazitufutii sisi wajibu wetu. Mzazi ni wa wote, na siku zake za kuhudumiwa ni za wote. Ndugu wakubaliane kumfidia dada huyo kipato alichokiacha, wamwandikie kiasi hicho katika daftari kama wanavyomwandikia mhudumu, na wampe siku zake za kutoka, kutembea na kulala. Akiwa masikini, wengi katika wanavyuoni wanaruhusu ndugu kumpa zaka yake, ikiwa si mtu ambaye nafaka yake inamlazimu.

Jihadharini na ahadi ya "nyumba hii itakuwa yako mama akifa". Ahadi hiyo hutolewa kwa mdomo ili dada asidai leo, na kesho huleta kesi. Hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie, na fungu la kila mmoja limeshawekwa na Allah. Hata zawadi ya mzazi kwa mtoto mmoja akiwa hai ina masharti yake: baba wa Nuuman bin Bashir alipompa mwanawe zawadi na kutaka Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) awe shahidi, aliulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake, alipojibu kuwa hapana, akarudi na zawadi akaichukua. Haki ya dada ilipwe sasa, kwa mkono mweupe, wakati mama anaona.

SWALI LA MWISHO WA MWEZI

Turudi Temeke. Baada ya Idd, kaka wa Kariakoo na dada yake mdogo walimfuata yule binti kwa shangazi yake, Mbagala. Walimkabidhi shilingi 240,000 na wakamuomba radhi mbele ya shangazi. Alizipokea, akasamehe, akauliza hali ya bibi. Hakurudi. Alikuwa amekwishapata kazi kwingine, na hawakuwa na haki ya kumlaumu.

Anayemhudumia bibi sasa ni mwanamke wa makamo, mjane, aliyewahi kumtunza mama yake mwenyewe. Analala usiku minne kwa wiki. Usiku mitatu iliyobaki ni zamu ya watoto wa bibi na wajukuu waliobalehe. Mwalimu wa Morogoro, ambaye mchango wake wa fedha ni mdogo kuliko wa wenzake, huja wikiendi mbili kwa mwezi na kukesha mwenyewe. Wa Muscat hutuma tarehe 20, kabla ya kununua chochote. Dada mdogo amewasha tena jiko lake la vitumbua, asubuhi tatu kwa wiki.

Bibi hajapona, na pengine hatapona. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi huuliza swali lake lile lile. Kaka mkubwa humketisha, humfungulia daftari na kumwonyesha kwa kidole mstari wa kwanza, penye saini ya aliyelipwa. Macho yake hayasomi tena herufi. Huitazama karatasi, kisha humtazama mhudumu usoni mpaka naye aitikie kwa kichwa. Hapo ndipo hulala.

Tunamuomba Allah awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea wadogo, awalipe kheri wote wanaosimama kando ya vitanda vyao, na atuepushe kukutana Naye na jasho la mtu mikononi mwetu. Amin.